Kiroba cha Petali

Siku hiyo mjinga alikuwa Crispín Cuautle, wala hana haja ya kutafutiwa mwenzake wa kugawana naye. Mwenyewe anakiri, tena siku hizi anakiri kabla hujamaliza kumuuliza. Lakini asubuhi ile ya Watakatifu Wote, alipokuwa akitoka makaburini na kiroba begani, alijiona ndiye mwerevu wa Santa Úrsula yote, na alikuwa akipiga mluzi.

Mluzi wenyewe ulikuwa wa kujipa moyo. Kila mkulima wa maua kijijini alitakiwa kupeleka petali za kupambia msalaba mkubwa wa makaburini, na Crispín, kwa kupenda kuonekana, alipeleka viroba viwili badala ya kimoja. Kimoja kilitosha. Cha pili alirudishiwa na doña Eulalia, mjane wa don Abundio, aliyekuwa ameketi kando ya kaburi la mumewe akikata mabua ya maua kwa kisu kidogo kilichopinda.

"Pumzika kidogo, mwanangu," alimwambia. "Tua mzigo hapo juu ya baba yako. Hatalalamika."

Baba yake wa ubatizo, ndiyo. Crispín akatua kiroba juu ya kaburi, akageuka kuutazama mlima unaofuka moshi, maana kuutazama msalaba ulioandikwa Abundio Popoca hakuweza. Alisimama hivyo kwa muda wa kuvuta nusu sigara. Kisha akakitwaa kiroba, akaaga bila kugeuza shingo, akashika njia ya nyumbani. Akavuka daraja la mawe, akapita bomba la maji, akapanda kichochoro chake. Kila hatua mzigo ulikuwa unapungua uzito. Akadhani ni moyo wake unaotulia.

Mkewe Hermelinda alikuwa amesimama mlangoni, mwiko wa mole, mchuzi mzito wa sikukuu, mkononi.

"Crispín," akasema polepole, kama mtu anayemwambia mwenzake ana nge shingoni. "Usiruke. Umemleta nani?"

Akageuka. Mstari wa rangi ya chungwa ulianzia kisiginoni pake, ukateremka kichochoro, ukapinda bombani, ukapotelea upande wa daraja. Ulikuwa mwembamba, lakini haukukatika popote, kama uzi wa mshonaji hodari. Akakishusha kiroba. Kilikuwa kimebaki nusu.

Sasa, kila nyumba ya Santa Úrsula hutandika petali siku hiyo, lakini njia yake huwa fupi, kutoka langoni hadi kwenye madhabahu ya ndani. Wafu wa zamani wanazijua nyumba zao. Waonyeshe mlango, imetosha. Aliyekufa mwaka huohuo ndiye mgeni. Hajawahi kurudi, hajui njia, na macho yake bado yana udongo. Huyo hutandikiwa njia nzima, tangu kaburini pake hadi kwenye kiti chake. Kengele ya saa sita mchana ikilia, anainuka, anafuata rangi na harufu mpaka petali ya mwisho. Na petali ya mwisho ikiwa kwako, mgeni ni wako.

Mwaka ule Santa Úrsula ilikuwa na mfu mpya mmoja tu.

"Don Abundio!" Hermelinda akajichorea ishara ya msalaba na mwiko, mole ikamdondokea kifuani. "Aje kwetu kufanya nini? Ana nini na sisi?"

 Jibu Crispín alikuwa nalo, ila lilikuwa ndani ya kopo.

Kopo lenyewe lilikuwa la maziwa ya unga, na ndani yake mlikuwa na mbegu, kazi ya miaka arobaini. Maua ya wafu, cempasúchil kwa jina la wazee, kila mtu bondeni anayalima, lakini ya don Abundio ungeyajua ukiwa bado barabarani: mashina mekundu kama yamechovywa kwenye divai, vichwa vya ukubwa wa ngumi, na harufu ya kumpigisha punda chafya. Mzee alimfundisha Crispín kazi hiyo tangu utoto, na ubao wake wa kufundishia ulikuwa mgongo wa mwanafunzi. Sia kitaluni siku ya Mtakatifu Yohane, si kabla. Ukiwahi, yatachanua wafu wakiwa bado wamelala. Mpini wa jembe mgongoni. Hamisha miche ikifika vidole vinne, mvua ikiwa imeshika, hatua moja baina ya mche na mche. Mpini. Mche ukitoa jozi ya tatu ya majani, mkate kichwa, usimhurumie. Asiyekatwa kichwa hutoa ua moja na kiburi kingi. Mpini mara mbili, maana hapo Crispín alikuwa amecheka. Inulia udongo shinani, mizizi ya ua hili haipendi kuogelea. Na mbegu usitoe kwenye maua yaliyokosa mnunuzi. Tenga mstari mmoja ulio bora kuliko yote, usiuze hata bua, uache ukauke wenyewe. Nazo usisie zote. Mvua ya mawe haina urafiki na mtu.

Mwezi wa tatu mzee alikuwa kitandani, kifua kikikwaruza. Doña Eulalia hakutaka kusikia habari za kufa. Kila mbegu zilipotajwa alitoka chumbani. Basi kopo likawekwa mikononi mwa Crispín.

"Mpe Eulalia siku ya Mtakatifu Yohane, umsaidie kusia. Hizi ndizo za njia yangu." Akakohoa kikohozi chake kile, viwili vikavu na kimoja kizito. "Nami nitakuja kuzitazama zilivyochanua."

Siku ya Mtakatifu Yohane ilipofika, Crispín alifungua kopo ili atazame tu. Kutazama ndiko kulikomponza: robo tatu ya mbegu ikaishia kitaluni kwake mwenyewe. Jioni ile alikwenda kwa doña Eulalia mikono mitupu, uso wa msibani.

"Mama, sijui niseme nini. Panya wameingia kwenye kopo. Hawakubakisha hata moja. Kijiji hiki, mama, kina panya!"

"Kumbe," alisema doña Eulalia, akamkaribisha kahawa.

Hayo yote Crispín aliyatapika pale mlangoni, na Hermelinda aliyasikiliza mpaka mwisho. Wala hakupiga kelele. Angepiga kelele ingekuwa nafuu.

"Saa ngapi sasa?" akauliza.

"Saa nne na robo."

"Basi una saa moja na dakika arobaini na tano za kuwa mwanamume mwenye akili. Hujawahi kufikisha muda mrefu hivyo, lakini jaribu."

"Nafagia."

"Hufagii! Njia ya mfu haifagiliwi mpaka arudi alikotoka kesho. Ukiikata katikati, unajua ataishia wapi? Papo hapo ulipoachia ufagio. Unataka asimame kichochoroni mwaka mzima, kila ukitoka kukojoa mnasalimiana?"

Crispín akakichukua kiroba. "Nitaokota, basi. Kuokota si kufagia."

"Okota, wakili. Okota."

Akapiga magoti. Aliokota petali moja moja kuanzia kizingitini, akizitia katika kiroba na kukiburuta nyuma yake. Mbwa wa jirani, yule anayebwekea hata kivuli chake, alikuja akanusa mstari, akafyata mkia, akaenda zake kinyumenyume. Crispín alimwona. Angependa asingemwona. Jua lilikuwa linawaka, watoto walikuwa wanapita na mikate ya wafu, moshi wa ubani ulikuwa unatoka kila dirisha, lakini yeye shingoni alihisi baridi ya mtu aliyesimama nyuma yake na jembe.

"Crispín! Ubarikiwe, ndugu yangu!"

Aliruka karibu aangukie ukutani. Alikuwa Nicanor, mpiga kengele wa kanisa, ameshika kofia kifuani kwa heshima.

"Nimeifuata kutoka kaburini mpaka hapa," Nicanor akasema, macho yamelengwa na machozi. "Njia nzima! Nikamwambia mke wangu, ona, mtoto wa ubatizo anamleta baba yake kwake, tena anapanga moja moja kwa magoti. Na watu walikuwa wanasema wewe mchoyo! Mimi mwenyewe nilisema, nisamehe."

"Nicanor, hebu sikiliza..."

"Usinishukuru. Pale darajani upepo ulikuwa umeitawanya, nimetia konzi kumi na mbili. Na akina mama wa bombani nao wameongeza. Ukienda utaona, imekuwa pana kama mkeka."

Crispín akamshika mkono. "Nicanor, ndugu yangu. Ile kengele. Huwezi kuichelewesha kidogo? Nusu saa tu?"

"Kuichelewesha!" Nicanor akacheka. "Wafu wanaamka saa hiyohiyo tangu babu wa babu yangu. Tena leo, kwa ajili ya mgeni wenu, nitaipiga kwa mikono miwili."

Akaenda zake. Crispín akageuka kutazama kazi aliyokwisha kuifanya, akaona haijafanyika. Mstari ulikuwa umerudi palepale, kutoka gotini pake mpaka kizingitini, petali kwa petali.

Hapo ndipo alipopiga yowe lake la kwanza. La pili alilipiga alipokiinua kiroba na kugundua kuwa zote alizookota zilikuwa zimetokea chini. Kitako cha kiroba kilikuwa na tundu la urefu wa kidole. Panya, akawaza. Miezi minne alikuwa na panya wa kubuni, na sasa wamekuja wa kweli. Kisha akalitazama tundu vizuri zaidi, na hapo akatamani wangekuwa panya. Halikuwa na nyuzi za kutafunwa. Lilikuwa limenyooka. Na kabla ya kuanza kuvuja, kiroba hiki kilitua wapi? Mahali pamoja tu. Juu ya kaburi. Kitu fulani, kutoka chini, kilikuwa kimekifungua.

Alirudi kwa Hermelinda mbio, akalieleza tundu kwa mikono, maana midomo ilikataa.

"Njia ya kule imekuwa pana kama mkeka," akasema sauti iliporudi. "Wameiongeza. Anakuja, Linda. Tuhame. Twende kwa dada yako Atlixco."

"Nyumba yenye kiti na mole, isiyo na mtu? Huyo hatakutembelea, atahamia." Hermelinda akaweka mwiko chini, dalili kwamba sasa anafikiri. "Mtu aliye barabarani humgeuzi kwa kumfungia barabara. Unamwonyesha iliyo nzuri zaidi. Pale bombani tandika njia nyingine mpaka kwa mkewe, nene, yenye harufu kuliko hii. Don Abundio hakuwahi kuchagua kibaya mbele ya kizuri."

"Tandika na nini? Maua yameuzwa yote."

Mkewe akanyoosha kidole upande wa shamba.

"La," akasema Crispín. "La, Linda. Huo ndio mstari wa mbegu."

Kwa maana alikuwa ametenga mstari mmoja, kama alivyofundishwa, mashina hamsini ya juu kabisa, vichwa kama vifuniko vya sufuria. Hizo ndizo zilikuwa mbegu za mwakani. Akiyakata sasa yakiwa mabichi, mwaka ujao atasia maneno.

"Sawa," Hermelinda akasema. "Basi kamvutie kiti. Yeye hupenda cha karibu na dirisha, si ndiyo?"

Na wakati huo, kutoka upande wa shamba, wakasikia kikohozi. Viwili vikavu. Kimoja kizito.

Huenda alikuwa mbuzi. Hermelinda mpaka leo anasema alikuwa mbuzi, ila husema akiwa ameshika rozari. Crispín hakungoja kuuliza kabila la mbuzi yule. Alitwaa panga akakimbilia shambani, upande ulekule kikohozi kilikotoka, kwa sababu upande mwingine ulikuwa hauna maua. Alikata yale mashina hamsini huku amefumba jicho moja, akajaza shuka la kitanda, akakimbia nalo mpaka bombani. Akina mama waliokuwa wakichota maji walimpisha walipomwona uso.

Akapiga magoti tena. Alichambua petali kwa konzi, akazimwaga nene, kiganja kwa kiganja, kutoka pale njia zilipoachana kuelekea nyumba ya doña Eulalia. Harufu ikapanda ikamkaba. Magoti yalichubuka kwenye mawe. Alisema Salamu Maria, akaisahau katikati, akaanza upya, akaisahau palepale. Nyuma yake alisikia hatua. Akisimama, zinasimama. Hakugeuka. Don Abundio hakupenda mtu ageuke kazi ikiwa haijaisha, na mgongo wa Crispín ulilikumbuka hilo bila kuambiwa.

Alipofika kwenye lango la doña Eulalia, kivuli chake kilikuwa kimeingia chini yake chote. Dakika tano, au nne.

Doña Eulalia alikuwa ameketi kwenye kigoda kibarazani, amevaa gauni lake jeusi la kanisani na aproni safi. Ua lilikuwa limefagiliwa na kunyunyizwa maji. Ndani, madhabahu ilikuwa tayari: picha ya mzee, mishumaa, glasi ya pombe ya pulque, kiti chake karibu na dirisha. Kila kitu kilikuwepo, isipokuwa petali. Sakafu ilikuwa tupu, kana kwamba ilikuwa inamngoja mtu.

"Umekawia kidogo," akasema doña Eulalia. "Pita nayo mpaka ndani, mwanangu. Usiishie kizingitini, yule mzee alikuwa na tabia ya kujikwaa."

Crispín akaimaliza. Konzi ya mwisho aliimwaga chini ya kiti, akarudi nyuma kwa magoti mpaka kibarazani. Akaingiza mkono ndani ya shati, akatoa kopo. Lilikuwa na robo ya mbegu, zile ambazo hakuzisia kwa sababu ya mvua ya mawe. Alitembea nalo kila mahali tangu mwezi wa sita. Hakuthubutu kuliacha ndani wala kulitupa.

"Mama, panya..." akaanza.

"Weka hapo."

Akaliweka mapajani mwake. Kengele ikaanza kulia, na Nicanor alikuwa mtu wa kutimiza ahadi, madirisha yalitetemeka. Katika mlio wa tano, kiti cha dirishani kikalia pia, mlio mfupi wa mbao iliyokaliwa. Petali mbili zikasogea sakafuni. Crispín akamshika doña Eulalia mguu kama mtoto, na doña Eulalia akamwacha.

Kengele ikanyamaza. Nyumba ilinuka maua tupu. Hakuna aliyekohoa, hakuna aliyeshika mpini. Na kwa kuwa bado alikuwa hai, woga wote wa siku ile ukamgeukia Crispín kuwa hasira, kama maziwa yanavyofurika moto ukizidi.

"Ulijua?" akauliza.

"Mwezi wa saba nilipita shambani mwako. Mashina mekundu ambayo nimefua matope yake nguoni mwa mzee miaka arobaini, nisiyajue?"

"Na ukanyamaza! Mama, ungesema! Ungekuja ukanitukana mwezi huohuo, ningerudisha. Leo nimekufa mara saba tangu asubuhi! Nimekata mstari wangu wa mbegu wote, magoti hayana ngozi..."

"Mwezi wa saba ungenirudishia miche," akasema doña Eulalia. "Miche, na mgongo wangu huu. Nani angeikata vichwa? Nani angeinulia udongo? Nimekuacha ufanye kazi, na umeifanya vizuri. Mtazame mwenyewe alivyoridhika."

Crispín hakutaka kumtazama. Alitazama chini, na chini kulikuwa na mapaja ya doña Eulalia, na juu yake kopo, na kando ya kopo, kwenye mfuko wa aproni, mpini wa kisu kidogo kilichopinda.

Akasimama taratibu.

"Kile kiroba," akasema. "Hakikutafunwa. Kilikatwa, mama, tena kwa mstari ulionyooka. Nimetua kwako, nikakupa mgongo. Nani alikikata kiroba changu?"

Doña Eulalia akalitikisa kopo sikioni, akasikiliza mbegu zake.

"Panya, mwanangu. Si wewe uliyeniambia kijiji hiki kina panya?"